Simu Imempata Daktari, Faili Liko Wapi?

Kuanzia mwaka 2007, kliniki tatu za Kenya zilijaribu jambo dogo sana. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza kutumia dawa za ARV waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata huduma hiyohiyo, na juu yake ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza naye alipigiwa.

Hapakuwa na programu ya kupakua, wala video, wala intaneti. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, wakati kwa wale wa huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 48. Si tofauti ya kupigiwa vigelegele, kwa kuwa hata katika kundi lililofanya vizuri wengi walibaki nyuma. Lakini kwa gharama ya ujumbe mfupi na muda wa mhudumu mmoja, ni faida ambayo wizara yoyote ya afya ingeipokea kwa mikono miwili. Tena ujumbe wenyewe ulikuwa wa busara: haukutaja ugonjwa. Mwenye simu ya kushirikiana na mume, mke au ndugu hakuwa na la kueleza.

Haukupita muda mrefu, jaribio linalofanana na hilo likafanyika Yaoundé, Cameroon, kwa wagonjwa 200 waliokuwa tayari kwenye dawa. Wao pia walitumiwa ujumbe kila wiki, ila huu ulikuwa wa kutia moyo na kukumbusha. Namba ya kupiga ilikuwepo kwa mwenye haja, lakini hapakuwa na utaratibu wa kungoja jibu na kumfuata asiyejibu. Baada ya miezi sita watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Nchi ni tofauti na wagonjwa ni tofauti, kwa hiyo majaribio mawili hayatoshi kutoa hukumu. Lakini yanakufanya ujiulize: dawa ilikuwa ujumbe, au ilikuwa yule mtu aliyeinua simu kumpigia aliyenyamaza?

Wagonjwa wa moyo wanasaidia kujibu. Nchini Marekani, matokeo ya jaribio lililohusisha watu 1,653 wenye moyo kushindwa kufanya kazi yalichapishwa mwaka 2010. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mashine inayouliza maswali kuhusu uzito na dalili, na majibu yakapitiwa na wahudumu siku za kazi. Miezi sita baadaye, vifo na kurudi hospitalini vilikuwa sawa na vya wale ambao hawakutakiwa kupiga. Mmoja kati ya saba hakupiga hata mara moja, na kufikia mwisho ni kama nusu tu waliokuwa bado wanapiga angalau mara tatu kwa wiki. Nadhani wengi wetu tungechoka vivyo hivyo kuzungumza na mashine kila asubuhi.

Ujerumani walikuja na mpango mwingine, matokeo yakatoka mwaka 2018. Wagonjwa 1,571 wa tatizo lilelile. Nusu yao walituma kila siku uzito, shinikizo la damu, kiwango cha oksijeni na mchoro wa mapigo ya moyo. Upande wa pili palikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, wanaomjua kila mgonjwa kwa historia yake na wenye mawasiliano na daktari wake wa karibu. Kwa wastani, siku zilizopotea kwa mwaka kwa kulazwa ghafla au kufariki zilikuwa 17.8, dhidi ya 24.2 kwa wasiofuatiliwa. Vifo pia vilipungua.

Ukiyaweka majaribio haya pamoja unapata jambo ambalo wauza vifaa hawalitangazi sana. Tiba mtandao, yaani huduma inayotolewa na mtaalamu aliye mbali kwa simu au intaneti, inafaa pale ambapo upande wa pili kuna mtu mwenye wajibu wa kuitikia na mwenye historia ya mgonjwa mbele yake. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, faida inayeyuka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 kuhusu teknolojia za kidijitali katika afya ulikubali huduma ya mbali kwa sharti kwamba iongezee huduma iliyopo na isiichukulie nafasi yake.

Wajibu wa kuitikia tunauelewa, maana ni suala la ajira, zamu na mishahara. Historia ya mgonjwa ndiyo ngumu.

Kupeleka habari za mwili kwa waya si jambo jipya. Mwaka 1905, mjini Leiden, Uholanzi, mtafiti mmoja alipokea maabarani mapigo ya moyo ya wagonjwa waliokuwa hospitalini kilomita moja na nusu kutoka hapo, kwa waya wa simu, kwa sababu mashine yake ilikuwa kubwa mno kuhamishwa. Leo picha ya eksirei iliyopigwa hospitali ya wilaya inasomwa na bingwa aliye mkoa wa mbali, na simu ya mkononi inabeba picha ya kidonda kwa sekunde chache. Waya tunao. Kinachokwama ni maandishi: nani alimwona mgonjwa huyu mara ya mwisho, alimpima nini, akampa nini.

Nenda zahanati yoyote siku ya kliniki ya wajawazito utaona kwa nini. Mama anafika na kadi yake, imekunjwa kwenye pindo la khanga au imefichwa ndani ya mkoba isilowe. Muuguzi anampima presha, uzito, mkojo na wingi wa damu, anaandika kwenye kadi. Anaandika tena kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya taarifa za kituo, kile kikubwa chenye safu nyingi hadi wengine huweka rula jicho lisiruke mstari. Mwisho wa mwezi anakaa chini kuhesabu, safu kwa safu, anajaza fomu ya taarifa, fomu inapelekwa wilayani, na huko takwimu zinaingizwa kwenye kompyuta katika mfumo wa DHIS2. Kenya iliusambaza mfumo huo nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinautumia.

Tusiudharau. Kabla yake, taarifa za vituo zilirundikana makaratasini na kufika makao makuu zikiwa zimechelewa miezi. Sasa ofisi ya wilaya inaweza kuona malaria imepanda wapi, chanjo gani imeshuka, ni wajawazito wangapi wamehudhuria mara nne. Lakini kwa matumizi yake makuu mfumo huo unahesabu watu, hauwajui. Utakuambia kata fulani ilikuwa na wajawazito kadhaa wenye presha ya juu mwezi uliopita. Hautakuambia kama huyu aliyeletwa usiku huu ni mmoja wao.

Na usiku ndipo mambo yanapotokea. Tuseme mama yule yuko wiki ya 34. Saa nane usiku kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Zamu ya zahanati ina muuguzi mmoja. Presha inasoma 160/110, na kipimo cha mkojo kinaonyesha protini nyingi. Dalili za hatari ya kifafa cha mimba ni hizo. Muuguzi anampigia daktari wa hospitali ya wilaya.

"Sista, presha yake kliniki ilikuwa inasoma ngapi?"

"Dokta, kadi ameiacha nyumbani. Wamemleta kwa bodaboda haraka."

Kitabu cha MTUHA kinaweza kuwa pale, lakini kumtafuta mtu mmoja katika kurasa za miezi sita kwa mwanga wa tochi ni kazi, na kama alihudhuria kliniki kwa mama yake mzazi, wilaya nyingine, hayumo kabisa. Daktari anaamua kwa kipimo kimoja cha usiku huo. Anaagiza sindano ya magnesiamu salfeti, na anafanya vyema, kwa sababu ushahidi wa dawa hiyo ni mzito: jaribio la mwaka 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kuwa inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Muuguzi anachoma dozi ya kwanza, gari linatafutwa, mama anasafirishwa.

Anapofika hospitalini, zamu imebadilika. Aliyepokea simu amekwenda nyumbani. Swali la kwanza ni kama ameshachomwa, kiasi gani, saa ngapi. Dawa hiyohiyo inayookoa, ikizidi, inaweza kuzima pumzi. Ndugu aliyemsindikiza anajua tu kwamba "alichomwa sindano". Kama muuguzi alipata nafasi ya kuandika barua ya rufaa, na kama barua haikusahaulika kwenye gari, vizuri. La sivyo, hospitali yenye dawa, vifaa na wataalamu inaanza kubahatisha juu ya jambo ambalo mtu mmoja analijua kwa uhakika na amelala kilomita arobaini kutoka hapo.

Kuunganisha tiba mtandao na mifumo ya taarifa za afya, kwa lugha ya nyumbani, ni kuhakikisha kwamba simu ile ya saa nane usiku inaacha alama: aliyepiga, aliyejibu, kipimo, dozi na saa, vyote vikiwa vimeingia kwenye faili la mgonjwa na vikionekana kwenye kompyuta ya mapokezi kabla gari halijafika.

Kiufundi kuna vikwazo vitatu, na cha kwanza ndicho kigumu kuliko vyote. Huyu ni nani? Katika tarafa moja jina la Asha Juma linaweza kuwa la wanawake kumi. Namba ya simu haisaidii sana. Laini hubadilishwa, hupotea, au ni ya shemeji. Kitambulisho cha taifa kwa kawaida ni cha mtu mzima, na mtoto mchanga, ambaye ndiye anayehitaji kadi ya chanjo ifuatane naye, hana. Mfumo ukimchanganya Asha huyu na Asha yule, daktari atasoma mzio wa mtu mwingine, na hapo afadhali asingesoma kitu. Nchi inayotaka tiba mtandao ya kweli lazima iwekeze kwenye namba moja ya afya kwa kila mtu, tangu kuzaliwa. Ni kazi isiyo na mvuto kwa kamera, na hakuna anayekata utepe kwa ajili yake.

Cha pili, magonjwa yaitwe jina moja. Dunia ina orodha ya namba za magonjwa: katika toleo la 10 kifafa cha mimba ni O15, iwe Kigoma, Kampala au Muscat; toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Cha tatu, kompyuta za watengenezaji tofauti zikubaliane jinsi ya kupeana taarifa, na hapa kuna viwango vya wazi kama FHIR ambavyo yeyote anaweza kuvitumia bila kuomba ruhusa. Kikwazo hiki cha tatu kwa sehemu kubwa kimeshapata ufumbuzi wa kitaalamu. Kinachobaki ni serikali kukataa kununua mfumo usiofuata viwango, hata ukitolewa bure na mfadhili. Mfumo wa bure usiozungumza na mwingine una gharama yake, na bili inaletwa mradi ukiisha.

Kuna mtandao mwingine ambao tayari unafanya kazi, ingawa hauko kwenye mpango mkakati wa wizara yoyote: makundi ya WhatsApp ya wahudumu wa afya. Tabibu anatuma picha ya upele au ya eksirei aliyoishika dhidi ya dirisha, bingwa anajibu akiwa kwenye foleni ya magari. Sitalaumu jambo linalookoa watu. Lakini ushauri ule hauingii kwenye faili, picha ya mgonjwa inabaki kwenye simu za watu wasiojulikana idadi, na mtu akibadilisha simu, kumbukumbu imekwenda. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Ukipiga marufuku makundi hayo bila kuleta kitu bora, utakuwa umemnyima muuguzi wa zamu ya usiku mtu pekee wa kumuuliza.

Zanzibar imetupa somo la matumaini na la tahadhari pia. Mwaka 2009 na 2010 wajawazito 2,550 kutoka vituo 24 vya afya walifuatiliwa. Katika vituo nusu, wanawake walipata ujumbe wa simu kulingana na umri wa mimba, pamoja na vocha ya kuwawezesha kumpigia mhudumu wao. Asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Kwa wale wa vituo vingine ilikuwa asilimia 31. Kuzalishwa na mtaalamu nako kuliongezeka, lakini kwa wanawake wa mjini tu. Shamba, simu haikubadilisha kitu katika hilo. Anayemjua mama wa shamba haoni ajabu: hata aelimishwe vipi, uchungu ukianza usiku na hakuna gari, atajifungulia alipo.

Ndiyo maana napenda mipango inayofunga simu na usafiri pamoja. Tanzania ina m-mama: mtu anapiga 115 bila malipo, kituo cha uratibu kinapokea, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, analipwa kwa safari hiyo. Hapo teknolojia imeshika kamba yote, kuanzia mlio wa simu hadi mlango wa hospitali. Kinachobaki ni kamba hiyo ibebe na taarifa za mgonjwa, kama ile dozi na saa yake.

Kwa mkulima faida kubwa inaweza kuwa nauli. Mgonjwa wa kisukari au presha ambaye hali yake imetulia hana haja ya kupanda basi hadi hospitali ya mkoa, kulala kwa ndugu na kupoteza siku mbili za palizi, ili daktari amtazame dakika tano na kumwandikia dawa zilezile. Vipimo vinaweza kufanyika kituo cha afya, bingwa akavisoma akiwa kwake. Hili linafaa kwa aliyetulia. Mwenye dalili mpya apande basi. Simu haiwezi kubonyeza tumbo wala kusikiliza kifua.

Mvuvi ana shida nyingine, naye husahauliwa na wanaochora mifumo hii. Wavuvi wa Pemba huenda dago, wakahamia kambi za mbali kufuata msimu wa samaki, hata pwani ya Kenya. Wa Ziwa Victoria huhama mwalo kwa mwalo. Mtu wa namna hiyo akiwa kwenye dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita bila kukatiza, faili lake linabaki kituoni huku yeye yuko baharini au ng'ambo ya mpaka. Kituo kinamwandika mtoro. Kambini hakuna anayejua kuwa ni mgonjwa. Mfumo unaoishia kwenye mpaka wa wilaya haumsaidii, na unaoishia kwenye mpaka wa nchi unamsaidia nusu.

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu nao wanayo sehemu. Kila shauri la mbali likiandikwa vizuri ni somo kwa aliyeuliza, na mara ya tatu huenda asihitaji kuuliza. Kijana aliyepangiwa kituo cha mbali akijua kuna mtu wa kumuuliza, ana sababu moja pungufu ya kuomba uhamisho.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni kazi maradufu. Ukimletea muuguzi kishikwambi bila kumwondolea kitabu, anaandika kadi, kitabu, fomu, halafu kishikwambi, na foleni mlangoni inaongezeka. Baada ya mwezi kishikwambi kitalala kabatini, na hatakuwa mvivu. Mfumo unaofaa ni ule ambao akiingiza kipimo mara moja, kadi inajazwa, taarifa ya mwezi inajihesabu, na daktari wa mbali anakiona. Uweze kufanya kazi umeme ukikatika na mtandao ukipotea, kisha upeleke yaliyohifadhiwa mtandao ukirudi. Na awepo mtu anayelipwa kuitikia upande wa pili, bajeti yake ikipangwa kabla ya vifaa kununuliwa.

Mambo haya yatachukua miaka, na mimba ni miezi tisa. Kwa sasa, kila unapotoka kliniki, piga picha ukurasa wa kadi ulioandikwa siku hiyo, na cheti cha dawa. Funga simu yako kwa namba ya siri, maana hizo ni siri zako. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kadi inakaa wapi, ili ibebwe kwanza usiku ukiharibika. Ukipewa sindano kabla ya rufaa, muulize muuguzi jina la dawa na saa, mwambie akuandikie hata kwenye kiganja cha anayekusindikiza. Na mvuvi anayekwenda dago apite kituoni kwanza kuomba barua ya uhamisho na dawa za kutosha hadi atakapofika kituo kingine.